Chupa ya Mzee: Jameson Crested Ten, mrithi wake, na kama bado inanyweka

Swali

*"Hujambo mtaalamu. Baba yangu, sasa marehemu, alifundisha miaka mingi katika shule ya misheni huku Kitui. Padre mmoja Mwayalandi aliyekuwa rafiki yake alimletea chupa ya wiski aliporudi kutoka likizo kwao, nami nikiwa bado shule ya msingi. Imeandikwa Jameson Crested Ten, 75 cl, 40% vol. Baba hakuifungua hata siku moja; alisema ni ya siku kubwa. Imekaa juu ya kabati la sebuleni, mkabala na dirisha, na wiski imeshuka mpaka kwenye mabega ya chupa. Kaka yangu anasema ilikuwa ya miaka 10, ikakaa kwetu zaidi ya 30, kwa hiyo sasa ni wiski ya miaka 40 na bei yake ni ya kununua shamba. Shemeji yangu anasema imeshaharibika, itatuua. Nimetafuta nyingine kama hiyo nikaambiwa jina hilo halipo tena, iliyopo ni Jameson Crested, bila neno Ten. Je, ni ile ile, au wamepunguza umri wakatuuzia jina? Mwezi ujao tuna kumbukumbu ya mzee. Tuifungue, tuiuze au tuimwage? Na nikitaka ya kuwekwa mahali pake, ninunue ipi?"*

Jibu

Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na lililo la haraka: msiimwage. Chupa iliyotoka mkononi mwa padre ikaingia mkononi mwa baba yako, ikakaa nyumbani kwenu bila kufunguliwa, haina sababu ya kuwadhuru kuliko wiski nyingine yoyote halali. Shemeji yako amekosea, ingawa hofu yake ina chimbuko na nitaifikia. Kaka yako naye amekosea, na kosa lake ndilo ninaloulizwa mara nyingi zaidi, basi tuanze nalo.

Wiski haizeeki ndani ya chupa. Umri wake huhesabiwa tangu siku ilipotiwa kwenye pipa la mbao hadi siku ilipotolewa humo. Kinachoitwa kukomaa ni kazi ya mti. Pombe inayotoka mtamboni huwa nyeupe kama maji, kali, na bado inanukia nafaka. Ikiwa ndani ya pipa la mwaloni, hupenya kwenye mbao na kurudi kadiri ghala linavyopata joto na baridi. Humo huchota rangi, utamu unaofanana na vanila, na ule ukakasi unaosikika kwenye fizi. Ngozi ya ndani ya pipa, ambayo huwa imebabuliwa kwa moto, hunasa harufu zisizotakiwa. Hewa kidogo inayopita kwenye mbao nayo huzaa taratibu harufu za matunda. Huko Ayalandi karibu asilimia 2 ya kilichomo kwenye mapipa hupotea hewani kila mwaka, na wenye viwanda wanakubali hasara hiyo kwa sababu bila mbao zinazopumua hakuna kukomaa. Kioo hakifanyi lolote kati ya haya. Wiski iliyokaa pipani miaka 7 na kabatini miaka 35 ni wiski ya miaka 7. Kilichozeeka nyumbani kwenu ni chupa.

Sasa hiyo "Ten". Sheria ya wiski ya Ayalandi inataka kinywaji kikae ndani ya mapipa ya mbao, katika kisiwa hicho, kwa muda usiopungua miaka 3. Zaidi ya hapo, mtengenezaji akitaka kutaja umri, lazima ataje ule wa wiski changa kuliko zote zilizomo, hata kama tone moja tu ndilo changa na mengine ni ya miaka 20. Ahadi hiyo huandikwa waziwazi kwenye lebo kwa neno "years", yaani miaka. Chukua tochi, soma lebo ya mbele na ya nyuma. Ukikuta imeandikwa "10 years old", hiyo ni ahadi ya umri. Ukikuta "Crested Ten" peke yake, hilo ni jina, na jina haliahidi kitu. Jameson hao hao waliwahi kuuza wiski iliyoitwa 1780, na hiyo ilikuwa ya miaka 12. Namba ilikuwa mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda. Kwa chupa za miaka ya karibuni ninazozifahamu, Crested Ten haikuwa na tamko la umri. Kwa hiyo neno "Ten" lilipoondolewa hakuna miaka iliyoibwa, kwa sababu hakuna iliyokuwa imeahidiwa. Naona kuliondoa kulikuwa uungwana. Namba inayosomwa na wengi kama umri wakati si umri inampotosha mnunuzi, na kaka yako ni shahidi.

Kama "Ten" haikuwa siri ya wiski hiyo, siri yake ilikuwa nini? Hapa inabidi twende Dublin.

Kiwanda cha John Jameson, kwenye mtaa wa Bow Street, kinahesabu mwanzo wake mwaka 1780. Kwa muda mrefu sana Jameson hawakuwa wauza chupa. Walipika, wakatia mapipani, kisha wakawauzia wafanyabiashara mapipa mazima. Hao ndio waliokomaza wiski kwenye maghala yao, wakaitia chupa na kubandika lebo zao wenyewe. Redbreast, iliyouzwa na duka la Gilbey, na Green Spot, iliyouzwa na familia ya Mitchell, zilianza hivyo hivyo, kwa wiski iliyopikwa Bow Street. Maana yake ni kwamba ladha ya "Jameson" ilitegemea sana umenunua kwa nani, pipa lake lilibeba nini kabla, na yeye ni mwaminifu kiasi gani. Mwaka 1963, mwaka ule ule bendera ya Kenya ilipopandishwa, Crested Ten ikatoka. Ilikuwa wiski ya kwanza ambayo Jameson wenyewe waliitia chupa, wakaifunga na kuibandika lebo kiwandani kwao. Ndiyo maana wapenzi wa wiski wanaiheshimu kuliko bei yake inavyoonyesha. Ni chupa ambayo kwayo kiwanda kilisema: kuanzia sasa, ladha hii tunaiwajibikia sisi.

Halafu mambo yakabadilika kwa haraka. Wiski ya Ayalandi, iliyokuwa imetawala soko la dunia karne ya 19, ilikuwa imepigwa na kila kitu: marufuku ya pombe Marekani kati ya 1920 na 1933, vita vya uhuru, kisha vita vya kibiashara na Uingereza. Mwaka 1966 Jameson, Power na kampuni ya Cork waliungana kuunda Irish Distillers, kwa sababu kila mmoja peke yake asingeendelea. Bow Street ikaacha kupika mwaka 1971. Mwaka 1975 kiwanda kipya kikaanza kazi Midleton, karibu na jiji la Cork kusini mwa nchi, na upikaji wa Jameson ukahamia huko. Huko ndiko unakofanyika hadi leo. Mwaka 1988 kampuni yote ikanunuliwa na Pernod Ricard ya Ufaransa.

Kuhama huku kulikuja pamoja na badiliko kubwa zaidi ndani ya chupa. Aliyewahi kuona chang'aa ikipikwa anajua nusu ya kazi ya wiski: kilichochachuka kinachemshwa, mvuke wa kileo unatangulia kupanda kabla ya maji, unapozwa, unakusanywa. Tofauti iko kwenye nafaka, mtambo na subira. Wiski ya zamani ya Dublin ilipikwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba, mkupuo mmoja baada ya mwingine, kwa desturi mara 3. Nafaka yake ilikuwa kimea cha shayiri kikichanganywa na shayiri mbichi ambayo haijaoteshwa. Ile shayiri mbichi ndiyo inayoleta uzito wa mafuta ulimini na ule ukali wa viungo, kama iliki na pilipili manga, ambao hauupati kwenye wiski ya Uskoti. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba desturi hiyo ilianza kwa kukwepa kodi ya kimea mwaka 1785. Vyovyote ilivyoanza, ikawa ndiyo sahihi ya wiski ya Ayalandi, na leo kanuni zinataka wiski ya aina hii, ninayoiita hapa wiski ya chungu, iwe na angalau asilimia 30 ya kimea na asilimia 30 ya shayiri mbichi.

Njia ya pili ni mnara. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, Mwayalandi aliyekuwa afisa wa ushuru, alisajili mtambo mrefu ambao unalishwa upande mmoja na kutoa pombe upande mwingine bila kusimama. Hutoa kileo chepesi, safi na cha bei nafuu, kwa kawaida kutokana na mahindi au ngano. Waskoti waliukumbatia mtambo wake, wakachanganya wiski yake nyepesi na ile nzito ya kimea, wakaishinda dunia. Wapikaji wakubwa wa Dublin, Jameson wakiwa miongoni mwao, waliukataa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 walitoa hata kijitabu cha kuwashambulia wachanganyaji, wakidai kilichotoka mnarani hakistahili kuitwa wiski. Mwaka 1909 tume ya kifalme mjini London iliamua kwamba kinastahili. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu karne moja baada ya kijitabu kile, Jameson yenyewe ikawa mchanganyiko: sehemu ya chungu, sehemu ya mnara. Siwalaumu. Wanywaji wa Marekani walitaka kitu laini, na kampuni ilikuwa inapigania uhai. Jameson ya chupa ya kijani inayojaa kwenye baa za Nairobi na Kampala leo ni mtoto wa uamuzi huo.

Crested Ten ilikaa katikati ya dunia hizo mbili, na hapo ndipo penye thamani yake. Nayo ni mchanganyiko, lakini imebeba wiski ya chungu kwa wingi kuliko Jameson ya kawaida, na mkono wa mapipa yaliyobeba divai ya sheri kutoka Jerez, Hispania, unaonekana zaidi. Kwa hiyo unapata matunda makavu, zabibu kavu hasa, kidogo cha kokwa, chokoleti isiyo tamu, halafu viungo vya ile shayiri mbichi. Kwa miaka mingi iliuzwa zaidi Ayalandi kwenyewe. Padre aliyetaka kumpa rafiki kitu cha kwao, badala ya Jameson ambayo mzee angeweza kuiona hata Nairobi, alichagua vizuri sana. Ningependa familia ijue hilo: haikuwa zawadi ya kuokotwa njiani.

Mwaka 2016 jina likafupishwa, chupa na lebo vikabadilika, ikaitwa Jameson Crested na kuanza kutembezwa nje ya Ayalandi kwa bidii zaidi. Ulichouliza ni kama ni ile ile. Jibu langu ni kwamba ni mrithi halali, lakini si pacha wa chupa ya baba yako. Mpango wake umebaki ule ule: mchanganyiko, chungu kwa wingi, pipa la sheri likisikika, asilimia 40 ya kileo. Ukiweka Crested Ten ya mwaka 2014 na Crested ya mwaka 2017 mbele yangu nisione lebo, singejipa matumaini makubwa ya kuzitenganisha. Ila chupa yenu si ya 2014.

Tofauti ya kwanza ni mapipa. Zamani sheri ilisafirishwa kutoka Hispania ikiwa mapipani, ikatiwa chupa Dublin na London, na mapipa matupu yaliyokuwa yamekaa na divai muda mrefu yakachukuliwa na wapika wiski. Katika miaka ya 1980 usafirishaji huo ulikoma na divai ikawa inatiwa chupa kwao Hispania. Tangu hapo viwanda vinaagiza mapipa maalumu Jerez, yanatiwa sheri kwa muda ili mbao zilowe, kisha yanaletwa Ayalandi. Ni mapipa mazuri, lakini ladha inayotoka humo ni nyingine: mti wenyewe unasikika zaidi, na divai inasikika kwa namna tofauti. Tofauti ya pili ni kiwanda. Midleton ya leo imepanuliwa na si mtambo ule ule uliowashwa 1975. Ya tatu ni chupa yenyewe kukaa. Nimesema wiski haikomai kwenye kioo, lakini hiyo haimaanishi kwamba hakuna kinachobadilika kabisa. Miaka mingi, hewa iliyobaki juu, mwanga na joto hubadilisha harufu kidogo. Walioonja chupa za zamani huzungumzia harufu kama ya vitabu vya kale, nta, au embe lililoiva sana. Wengine wanaipenda, wengine hawaipendi. Kwa hiyo mkionja Crested ya sasa kando ya ile ya mzee na kuona hazifanani, msihitimishe kwamba kuna aliyedanganya.

Kuhusu umri wa chupa, umenipa vidokezo viwili vizuri. Sentilita 75 ndicho kipimo kilichotumika Ulaya kabla ya kuhamia sentilita 70 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Asilimia ya kileo, badala ya zile digrii za Kiingereza (kipimo cha zamani cha nguvu ya kileo, "proof"), inaelekeza miaka ya 1980 au baadaye kidogo. Ukijumlisha na wewe kuwa shule ya msingi, naona chupa ya miaka ya 1980 au mpakani mwa 1990. Tahadhari moja tu: 75 peke yake haithibitishi chochote, maana Marekani, Afrika Kusini na hata maduka yetu yanaendelea kutumia mililita 750 hadi leo. Kinachoipa nguvu hapa ni kwamba vidokezo vyote vinaelekea upande mmoja, na kwamba mnajua ilikotoka. Kwa kipindi hicho, wiski iliyomo ilipikwa Midleton, au sehemu kubwa yake. Kuwa na matone ya Dublin kunawezekana tu kama ni ya mwanzoni kabisa mwa kipindi hicho.

Tuje kwenye afya ya chupa. Kushuka hadi mabegani kunaniambia kifuniko hakijakaza sawasawa kwa miaka yote hiyo. Kama ni kizibo cha mti, kimekauka. Kama ni cha kuzungusha, mpira wa ndani umechoka. Kilichopotea hakikuingiza sumu. Kileo cha asilimia 40 hakiruhusu vijidudu kuishi, na wiski haigeuki siki kama divai. Hasara ni ya ladha: alkoholi hutoroka haraka kuliko maji, kwa hiyo huenda nguvu imepungua kidogo na wiski imepooza. Dirisha nalo halikusaidia, kwani mwanga wa jua hufifisha rangi na kuua harufu za juu. Leo hii iondoeni hapo, muiweke kabatini penye giza na ubaridi, ikiwa imesimama. Divai hulazwa ili kizibo kilowe. Wiski hailazwi, kwa sababu kileo kikali kinakila kizibo.

Sasa hofu ya shemeji, ambayo sitaki mtu aidharau. Kenya imezika watu wengi kwa pombe iliyotiwa methanoli, kileo cha viwandani ambacho ni sumu. Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, na Februari 2024 msiba ukarudi Kirinyaga. Mtu aliyeishi na habari hizo akiona chupa ya kale isiyoeleweka akasema "mwageni", anasema kwa akili. Lakini methanoli haizaliwi ndani ya chupa kwa kukaa. Inaingia kwa mkono wa mtu, ama kwa kuchanganya kemikali ya viwandani, ama kwa kujaza upya chupa ya jina kubwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, kifungo cha kwanza bado kipo? Ukaguzi huu ufanywe kabla ya siku yenyewe, mchana, na macho zaidi ya mawili. Kama utepe au karatasi ya kifuniko imechanika na kubandikwa tena, kama pete ya kifuniko imekatika, au kama mtu wa nyumbani anakumbuka iliwahi "kuongezwa", msionje hata tone. Wala msijaribu kuipima kwa kuiwasha moto au kuinusa. Methanoli haitambuliki kwa pua wala ulimi, na rangi ya moto haithibitishi kitu.

Na hili ni kwa yeyote, kwa chupa yoyote: mtu akinywa kisha saa kadhaa baadaye, hata siku ya pili, akaona ukungu machoni, kichwa kikauma vibaya, akatapika au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa ibebwe. Asisubiri alale ipungue. Dawa ipo, lakini inatolewa hospitalini na inategemea kuwahi. Wazee watakaokuja kwenye kumbukumbu wakiwa kwenye dawa za kisukari, za kifafa, za usingizi, au wanaotumia metronidazole, wamuulize daktari au mfamasia wao kabla ya kupokea glasi. Hilo mimi siwezi kuliamua nikiwa mbali.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: kama nyumbani kuna ile chupa ya kioo cha kukatwakatwa, nzito, ya kupendezesha meza, msimimine wiski humo na kuiacha. Vioo vingi vya zamani vya aina hiyo vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kileo huyachota polepole. Kumimina na kuhudumia jioni moja hakuna neno. Kuhifadhi miezi ndiko kubaya.

Mwiuze? Nitakuwa mkweli ingawa kaka yako hatanifurahia. Crested Ten ya miaka ya 1980 si miongoni mwa chupa zinazogombaniwa minadani. Ilitengenezwa kwa wingi, haina umri kwenye lebo, na wakusanyaji wakitaka Jameson ya zamani wanatafuta za Bow Street zenyewe. Kushuka hadi mabegani kunaondoa sehemu nyingine ya bei. Halafu masoko ya chupa za kale yako Ulaya: wasafirishaji wengi hawapokei vileo kutoka kwa mtu binafsi, kuna forodha, kuna ada ya mnada. Hapa nyumbani, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kwa anayeuza. Ukishatoa vyote hivyo, sioni kitakachobaki kinachofaa kulipia zawadi ya padre kwa mzee. Ningekuwa mimi, ningeifungua. Alisema ni ya siku kubwa, na siku ya kuwakusanya watoto na wajukuu wake wote ni kubwa vya kutosha.

Namna ya kuifungua: kama ni kizibo, usikivute kwa nguvu. Kishike, zungusha chupa polepole, na uwe na chujio safi au kitambaa cheupe kilichochemshwa, kwa sababu uwezekano wa kukatika ni mkubwa. Vipande vya kizibo havina madhara, vichuje. Ukungu kidogo kwenye wiski iliyopata baridi si ubaya, huondoka ikipata joto la chumba. Mimina kidogo tu, iache glasini dakika 10 au 15 kabla ya kuhukumu. Harufu ya kwanza ya chupa iliyofungwa miaka mingi inaweza kuwa ya vumbi au kadibodi, na mara nyingi hupeperuka. Usiweke barafu kwenye glasi ya kwanza. Matone machache ya maji yanatosha. Ikiwa baada ya nusu saa bado inanuka kizibo kilichooza, basi imepoteza ladha; mwekeeni mzee glasi moja ya heshima, na mnywe wiski nyingine.

Ndiyo sababu nyingine ya kununua ya pili. Ukiipata Jameson Crested, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi, na ni wiski nzuri. Lalamiko langu ni moja, kwamba ingetiwa chupa kwenye asilimia 46 badala ya 40, ule uzito wa shayiri mbichi ungesikika vizuri zaidi. Usipoipata, watu watakusukumia Black Barrel, ambayo nayo zamani iliitwa Select Reserve. Ni tamu na rahisi kupendwa, lakini nguvu yake iko kwenye mapipa ya bourbon, wiski ya Marekani, yaliyochomwa sana, kwa hiyo vanila inatawala. Si ladha ya mzee. Kama bajeti inaruhusu, mimi ningeiruka na kwenda moja kwa moja kwa Redbreast ya miaka 12. Hiyo si mchanganyiko, ni wiski ya chungu tupu, inapikwa Midleton hiyo hiyo, imepitia mapipa ya sheri, na umri wake umeandikwa kwa neno "years" kama inavyotakiwa. Ina bei, sitakuficha. Lakini ukitaka kujua Crested Ten ilikuwa inachota nini kutoka Dublin ya zamani, itakuonyesha waziwazi kuliko chupa nyingine ninayoijua. Powers Gold Label ni chaguo la bei nafuu zaidi kwa anayetaka viungo bila sheri.

Nunua kwenye duka linalokupa risiti, na angalia stempu ya ushuru ya KRA kwenye kifuniko. Chupa ya mzee haitakuwa nayo kwa sababu iliingia kwenye mkoba wa msafiri enzi nyingine. Chupa mpya ya dukani isiyo na stempu, au yenye bei ya nusu, iache hapo hapo.

Kabla hamjaifungua, piga picha lebo zote mbili, kifuniko kwa karibu, na tako la chupa, kisha unitumie. Nikiona "Bow Street" pekee, nguvu ikiwa kwa digrii mahali ambapo ulidhani ni asilimia, au tamko la miaka 10, nitakushauri msimamishe kwanza na muionyeshe kwa mtu wa mnada anayeshughulikia wiski za Ayalandi, maana hapo tutakuwa tunazungumzia chupa nyingine kabisa. Nisipoyaona hayo, andaeni glasi.